Neno la Fundi wa Turubai

Watu wa Emali walimwita Mzee wa Lamu, ingawa hakuwahi kufika Lamu maishani mwake. Kosa lilikuwa la masikio yetu. Alipokuwa akishona, kila sindano ilipoingia kwenye turubai alisema "Ramu", na kila ilipotokea upande wa pili alisema "Rahimu". Sisi Wakamba herufi ile ya kwanza haitukai vizuri ulimini. Tunaisikia kama l na tunaitamka kama l. Basi mtu akipita kando ya banda lake, akamsikia kutwa nzima akisema Lamu, Lamu, angefikiri nini? Alifikiri maskini, mzee wa watu amekumbuka kwao.

Jina likamganda. Siku moja dereva wa lori, mwenyeji wa Lamu kwelikweli, alimjia kwa furaha akamshika mikono yote miwili, akamuuliza anatoka mtaa gani. Mzee akamtazama juu ya miwani yake ya waya akamjibu, "Mimi iko mtu ya hapa. Ya turubai." Dereva akaenda zake akisema huyo mzee wenu amepungukiwa kidogo.

Mimi nilimwita Fundi, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa sikuwa na darasa lolote zaidi ya kwaya ya kanisa letu.

Naandika habari zake kwa haya, na afadhali niseme mapema. Nilimwibia wimbo. Na katika kumwibia wimbo nikampotezea neno moja ambalo alilitafuta sehemu kubwa ya maisha yake. Hayo nitayafikia. Kwanza nataka mumwone mtu mwenyewe, kwa sababu nikianza na kosa langu nitaishia kujizungumzia mimi, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye masikio makubwa, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilichokuwa kigumu kama kwato kwa kusukuma sindano. Shati alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni hata jua likiwa kali namna gani, na miguuni alivaa akala za tairi kama mchungaji wa ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kushona turubai za malori. Malori ya Mombasa, malori ya Kampala, yote yaliyopita barabara kuu yalijua kwamba turubai ikichanika, kule Emali kando ya kanisa kuna mzee ambaye kiraka chake hakivuji.

Na kiraka chake kilikuwa na siri. Alikuwa akikata vitambaa viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, tundu likabaki katikati. Kabla ya kufunga upande wa mwisho alichukua kipande cha mkaa, akaandika ndani mistari mitatu au minne kwa maandishi ya kwao, kisha akashona. Ilikuwa mashairi. Alitunga kwa lugha ya kwao na alitunga kwa Kiswahili chetu cha barabarani, lakini mashairi yale hayakusomwa na mtu. Yalikwenda Mombasa yakarudi, yakanyeshewa, yakapigwa jua, yakiwa yamelala ndani ya kiraka.

"Kwa nini unayaficha, Fundi?" nilimuuliza.

"Juu ya turubai iko mvua. Chini iko mzigo. Katikati hapana mtu. Hapo maneno inalala vizuri."

Aliyoyaimba kwa sauti ndiyo tuliyoyasikia. Moja nalikumbuka mpaka leo, na alikuwa akiliimba hasa siku ambazo watu walikuwa wametoka kugombana kwa ajili ya dini:

*Umejenga ukuta,*
*umetia mlango,*
*sasa unabisha hodi*
*nyumbani kwako mwenyewe.*

Msidhani alikuwa mpole. Watu wakisikia habari za mtu wa Mungu hujifikiria kizee kinachotabasamu. Fundi alikuwa mkali kama pilipili. Dereva akimletea turubai iliyokunjwa ingali mbichi alimtukana mpaka akina mama wauza matunda wakaziba masikio. Alikuwa mchoyo wa uzi kupita kiasi. Vipande alivyovikata aliviokota chini, akavifunga mafundo, akavitumia tena, na mtu akimwomba uzi wa kushonea kifungo kimoja tu alijibu kwamba duka liko pale mbele. Aliimba dhidi ya majivuno, na hapohapo akishika kazi ya fundi mwingine aliisoma mishono yake kwa sauti, mmoja mmoja, akicheka. Na mbuzi! Mtu aliyeimba kwamba Mungu yumo ndani ya kila kiumbe alikuwa na rundo la mawe kando yake kwa ajili ya mbuzi waliokuja kutafuna kamba zake, na shabaha alikuwa nayo.

Nilimuuliza siku moja kama hamwogopi huyo Mungu aliye ndani ya mbuzi.

"Ndani iko, kweli," akasema. "Mimi napiga ya nje tu."

Pale Emali tulikuwa na maduka mawili ya Wahindi yaliyogawana ukuta mmoja. Moja lilikuwa la Banyani aliyeuza vitambaa, la pili la Mhindi Mwislamu aliyeuza spea za magari. Walikuwa hawaamkiani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa huko kwao, wa watu wengi, na wao waliurithi tu kama mtu anavyorithi kikohozi. Fundi alikula chakula cha mchana kwa Banyani, na Ijumaa alikula kwa mwenye spea. Mwezi wa Ramadhani alifunga siku zote. Sikukuu ya taa ya Wabanyani ilipofika aliwasha taa yake ya mafuta bandani, ikiwa peke yake, mchana kweupe, maana alisema ya usiku kila mtu anaiona.

Kila mmoja wa wale wenye maduka alisema mzee ni wetu, na kila mmoja alimfukuza zaidi ya mara moja. Banyani alilalamika kwamba anamletea harufu ya msikitini nyumbani. Mwenye spea alisema mtu gani huyu anayesali macho wazi huku akicheka. Akifukuzwa huku alikaa kwenye ngazi ya huku, akifukuzwa kule alihamia ngazi ya kule. "Mimi iko mtu ya ngazi," alisema. "Ndani joto sana." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini niliwahi kumkuta ameketi kwenye ngazi ya Banyani, mlango umefungwa, sahani ya chakula imewekwa chini karibu na miguu yake kama anavyowekewa mbwa, na hakuwa akicheka.

Nilimjua kwa sababu ya hema. Kanisa letu lilikuwa na hema la mikutano ya injili, na upepo ulilichana kule Kilungu. Wazee wa kanisa wakanituma nilipeleke kwa Fundi, na wakanionya nisiondoke pale, maana Mhindi akiachwa peke yake atakata kitambaa kizuri. Basi nikakaa siku tatu nikilinda hema la Bwana. Banda lenyewe lilikuwa kwenye ploti ya kanisa, mwishoni kabisa, upande wa barabara. Mchungaji wa zamani alikuwa amemruhusu akae pale na hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Siku ya kwanza nilimsikia. Siku ya pili nilimsikiliza. Siku ya tatu nilikuwa nimekuja na daftari.

Nilikuwa na sikio la muziki, hilo Mungu alinipa na sitajinyima sifa ninayostahili. Sauti zake zilipanda mahali ambapo nyimbo zetu hushuka, zikakaa hapo kidogo, halafu zikateremka taratibu. Nikamwomba aniruhusu kuandika maneno, nitie noti za solfa juu yake. Alikataa. Alisema wimbo ukilala kwenye karatasi unaliwa na mchwa. Nilirudi wiki nyingine akakataa. Mara ya tatu au ya nne akanikazia macho akasema, "Basi kaa nayo wewe. Mimi hapana taka kuona hiyo karatasi."

Basi nikawa nakwenda kila Alhamisi kabla ya mazoezi ya kwaya. Ndipo nilipoelewa anatafuta nini.

Ramu ni jina la Mungu kwa Wabanyani, na Rahimu ni jina lake kwa Waislamu. Banyani hakuwa tayari kulitamka jina la Rahimu, na mwenye spea hakuwa tayari kulitamka la Ramu. Fundi alitaka wimbo ambao watu hao wawili wangeweza kuuimba mpaka mwisho bila hata mmoja kunyamaza katikati. Alitaka jina moja. Nikamwambia si waseme tu Mungu, kama sisi. Akatikisa kichwa. Alisema kwao Mungu ni neno la dukani, la kumwambia mteja. Mtu akifiwa na mtoto halimtoki. Alikuwa amejaribu mengi. Aliunganisha nusu ya jina hili na nusu ya lile, wenye maduka wakamcheka. Alijaribu kuita Baba, alijaribu kuita Mfumaji. Alilitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Siku aliyolipata ilikuwa ya kiangazi, vumbi limetanda. Tulikuwa kwenye mazoezi ndani ya kanisa. Nikamwona dirishani, yeye ambaye hakuwahi kusogea karibu na dirisha letu, akinipungia mkono kama mtu aliyeunguliwa na nyumba.

"Mwalimu! Lete daftari!"

Niliwaacha sauti ya pili wakigombana na sauti ya tatu nikatoka nje. Akaniimbia palepale, akipiga mdundo kwenye paja lake:

*Nguo moja ilifumwa,*
*tukaikata vipande.*
*Njoo, ——, na uzi wako,*
*uishone tuivae.*

Pale nilipoweka mstari ndipo palipokuwa na neno lenyewe. Halikuwa Ramu wala Rahimu. Alikuwa amelifuma mwenyewe kwa nyuzi za sala zao mbili, akatoa mafundo yote, likatoka neno laini, la silabi mbili, lenye ile herufi yetu ngumu mbele na pumzi kidogo katikati. Alinitamkisha mara kumi. Nilisema kwa l, akanipiga kofi dogo la mkono. Nilisema tena kwa l. Mwishowe nikalisema sawasawa, akafumba macho.

"Andika vizuri," akaniambia. "Kichwa yangu iko na tundu. Hii kaa nayo kama yai."

Tukaenda wote dukani kwa Banyani. Alikuwa akipima kitambaa kwa fimbo ya yadi. Fundi akaimba. Banyani hakuinua kichwa, ila fimbo ikasimama. Nikaona midomo yake ikilijaribu lile neno, mara moja, mara ya pili. Tukaenda upande wa pili wa ukuta. Mwenye spea akapangusa grisi mikononi, akasikiliza, akalisema kwa sauti kamili, kisha akauliza, "Hii nani alikufundisha?" Fundi alitoka nje akajifuta macho kwa pindo la turubai.

Kabla mwezi haujaisha nilipita pale nikasikia wimbo mmoja ukiimbwa kwa sauti ya chini pande zote mbili za ukuta ule. Na siku moja, haya niliyaona kwa macho yangu, Banyani alibeba birika la chai kwa mkono wake mwenyewe akalipeleka kwa jirani.

Sasa nije kwenye langu.

Kulikuwa na mashindano ya kwaya za makanisa kule Kitui, na sisi hatukuwa na wimbo mpya. Nilijaribu kutunga, nikatunga vitu visivyo na chumvi. Wimbo wa Fundi ulikuwa kichwani mwangu ninapoamka na ninapolala. Nikajiambia ni mistari minne tu. Nikajiambia yeye mwenyewe hataki sifa, huficha mashairi yake ndani ya viraka. Neno lile nikaliondoa nikaweka Yesu. Lilikaa sawa kabisa, silabi mbili kwa mbili. Naikumbuka furaha niliyoipata lilipokaa, na furaha hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi ninapoikumbuka.

Kitui tuliimba, watu wakasimama. Mama mmoja alilia mpaka akaanguka. Tulipotangazwa wa kwanza, mchungaji aliyeongoza mashindano alinishika mkono, akaniweka mbele ya kipaza sauti.

"Dada, hebu tuambie. Huu wimbo ulitoka wapi?"

Naapa nilifungua kinywa nimtaje. Nilimwona kabisa, na akala zake na miwani ya waya. Halafu nikaona zile nyuso zote zinaningojea mimi. Nikasema, "Bwana alinipa nikiwa nimelala."

Haleluya zilizopigwa pale sijazisikia tena.

Wimbo ulisambaa. Uliimbwa harusini Kilungu, uliimbwa mazishini Kibwezi, watoto waliuimba wakichota maji. Nikaitwa mama wa wimbo. Karani wa kanisa akataka aazime daftari langu apate kunakili noti. Jioni hiyo kabla ya kumpa nilirarua ule ukurasa wenye wimbo wa Fundi, nikautia motoni chini ya sufuria ya muthokoi. Nikanakili wimbo upya ukurasa mwingine, ukiwa na Yesu mahali pa lile neno. Sikufikiria neno. Nilifikiria mwandiko wangu, na juu yake tarehe, na maneno niliyokuwa nimeyaandika kwa mkono wangu: wimbo wa Fundi.

Alikuwa ameusikia, bila shaka. Banda lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye spika zetu. Wiki mbili nzima nilizunguka upande wa stesheni ili nisipite pale. Alhamisi ya tatu aliniita.

"Mwalimu. Kwaya inaimba vizuri."

"Asante, Fundi."

"Pale katikati umetia kiraka."

"Ni mambo ya kanisa," nikasema. "Unajua wazee wetu. Si mimi."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Kiraka hapana mbaya. Mimi kazi yangu ni kiraka. Lakini chini ya kiraka nguo iko?"

"Iko," nikasema.

Akaridhika. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba aliridhika. Aliniamini mara moja, akaanza kunieleza habari za mbuzi.

Miaka ikapita. Banyani alihamia kwa watoto wake ng'ambo. Mwenye spea alikufa kwa sukari, na duka lake likawa baa. Hakubaki mtu pale Emali aliyelisema neno lile, isipokuwa Fundi mwenyewe alipokuwa akishona, na miye sikuwa napita tena.

Kisha kanisa letu likapata wazee wapya, wenye moto. Siku moja waliniita kwenye kikao. Walikuwa wanne, na mwenyekiti wao alikuwa mtu mwema, mkulima, ambaye sisemi alikuwa na roho mbaya.

"Mwalimu," akaanza, "hii ploti ni ya kanisa. Na pale mwisho kuna huyu mzee wa Lamu anaita mashetani mchana kutwa. Wageni wanatuuliza, hii kanisa yenu inaabudu nani?"

"Anaita miungu miwili," mwingine akasema. "Mimi nimemsikia. Moja hii sindano ikiingia, ingine ikitoka."

"Wewe unamjua," mwenyekiti akaniambia. "Ulikuwa unakaa huko na daftari. Hizo nyimbo zake ni za Mungu ama si za Mungu? Wewe sema tu, na sisi tutafuata hiyo."

Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Ningesema: wazee, ule wimbo mnaoufungulia ibada kila Jumapili, ule mliosimama mkalia kwa ajili yake, ni wake. Wangetazamana. Huenda wangenifukuza mimi, lakini yeye wangemwacha. Nilihesabu nitakachopoteza kabla sijajibu. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilishafika mwisho wake, ila bado nilitafuta pa kupenya.

"Sijui sana, wazee," nikasema. "Mimi nilipeleka hema tu."

Akapewa mwezi mmoja. Hakuungoja. Siku ya tatu tu alipakia turubai zake, sindano zake na mikoba ya uzi kwenye lori la dereva mmoja aliyemfahamu, akaenda Mtito Andei. Sikumuaga. Nilikuwa ndani ya kanisa nikifundisha, na nilipandisha sauti ya kwaya ili nisiusikie mlio wa lori likiondoka. Mama muuza matunda ndiye aliyeniambia baadaye kwamba Mzee aliniulizia. Kwamba alisema, "Mwambie Mwalimu achunge yai."

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa miaka ya tisini, tukienda mazishini Voi kwa basi la kukodi, na dereva akasimama Mtito Andei watu wanywe chai. Saa sita mchana. Upande wa pili wa kituo cha mafuta malori yalikuwa yamepanga mstari, na chini ya lori moja, kivulini, nikaona mtu ameketi miguu imenyooshwa, turubai imemfunika mpaka kiunoni. Alikuwa akifumua. Hakuwa akishona; alikuwa akikata uzi wa kiraka kizee kwa ncha ya kisu.

Dereva wa lori lile alikuwa amesimama kando na kikombe chake. Nikamuuliza mzee anafanya nini.

"Huyo? Huyo ni wazimu yake," akasema. "Akiona turubai ya zamani anaomba afungue kiraka aangalie ndani. Akishaangalia anashona tena vizuri, hachukui kitu. Sisi tunamwachia. Hatujui anatafuta nini."

Mimi nilijua anatafuta nini.

Nikaenda nikachutama mbele yake. Kiharusi kilikuwa kimemvuta upande mmoja wa uso, na jicho la kushoto lilitoa machozi lenyewe. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Midomo ilikuwa ikienda, Ramu, Rahimu, ingawa hapakuwa na sindano mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

Alinitazama muda mrefu. "Mwalimu," akasema. Alilisema polepole, kwa upande wa mdomo uliobaki. "Wewe iko mzee."

"Nimezeeka, Fundi."

"Mimi nauliza watu wa Emali. Wanasema Mwalimu iko. Mimi nangoja." Akaacha kisu. "Hii ugonjwa imechukua maneno mingi. Ingine imerudi. Ile moja hapana rudi. Wimbo yote iko, pale katikati iko tundu. Mimi naimba, nafika pale, naanguka." Akaonyesha turubai iliyokuwa mapajani mwake. "Nafungua hii, nafungua ile. Mkaa imefutika yote. Lakini wewe iko na daftari."

Nilikuwa na nafasi ya kusema daftari lilipotea. Uongo huo ulikuwa umeshafika mdomoni. Sijui ni nini kilichonizuia safari hiyo, labda lile jicho.

"Niliurarua ule ukurasa, Fundi," nikasema. "Niliuchoma. Ule wimbo nilisema ni wangu. Nilisema Mungu alinipa usingizini, na nikaogopa watu wataona mwandiko. Na wazee waliponiuliza habari zako nilisema sikujui. Nilifanya hayo yote. Nisamehe."

Nililia, na nilikuwa nikingoja anitukane, au aniambie ameshanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nadhani nusu ya niliyoyasema hakuyasikia. Alikuwa amekunja uso akifikiri, kama fundi anayepima tundu kabla hajakata kitambaa.

"Mbele ya kuchoma," akauliza, "wewe ulikuwa nasema hiyo neno? Kwa mdomo?"

"Ndiyo. Wewe ulinifundisha."

"Mara mingi?"

"Mara kumi."

Uso wake ukafunguka, ule upande mmoja. "Basi hapana potea," akasema. "Iko ndani yako. Imba tu. Usifikiri. Imba, itatoka yenyewe."

Akaanza kupiga mdundo kwenye paja kwa ule mkono mzima. Nikaimba. Nguo moja ilifumwa. Akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Tukaikata vipande. Aliacha kupiga, akasogea mbele, akageuza lile sikio lake kubwa karibu na mdomo wangu. Nikafumba macho nikaliita lile neno kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimeuimba wimbo ule kanisani kila Jumapili kwa miaka isiyopungua ishirini.

"Njoo, Yesu," nikaimba.

Akatikisa kichwa kwa upole. "Iko karibu," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Likatoka lile lile. Mara ya tatu nilinyamaza mahali pale, nikiwa mdomo wazi, na hakikuja chochote, hata herufi ya mbele. Yeye alikuwa bado ameinama, sikio limetegwa, akiningoja.

Dereva wetu akapiga honi. Nikasimama nikapangusa vumbi kwenye sketi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikilikumbuka nitarudi.

Sikurudi.